Nani Ananunua Hizi Nyota?

Shangazi alipiga hodi saa tatu kasoro usiku. Umeme ulikua umekatika tangu magharibi, Chikongola yote hapa Mtwara kimya, unasikia tu jenereta la duka la kona. Nikamwamkia, akaitika haraka haraka, akakaa kwenye mkeka hata kabla sijamkaribisha, simu iko mkononi inawaka.

"Mwanangu, hebu niangalizie hii. We si ndo unafanya hizi kazi za mtandaoni."

Kwenye kioo kulikua na picha ya hoteli, bwawa la maji ya bluu, chini yake nyota tano za kubonyeza. Juu imeandikwa kwa Kiswahili kizuri kabisa: Kazi ya 38 kati ya 40. Na pembeni salio lake kwa rangi nyekundu, lina alama ya kutoa mbele yake, 182,000.

Mi nilikua na faili la sauti la dakika 54 natakiwa nilikabidhi kabla ya saa sita usiku, na betri ya kompyuta imebaki asilimia 31. Nikaitazama simu yake labda sekunde kumi. Nikamuuliza, "Wameshawahi kukulipa?" Akasema ndio, mara mbili, na akanionyesha meseji za muamala. Nikamjibu neno ambalo mpaka leo, wiki ya saba hii, nikilala linaniamsha.

"Basi angalia tu, shangazi."

Angalia tu.

Miezi ya ukata

Nyie wa kusini mnajua mwezi wa nane ulivyo. Hela ya korosho za mwaka jana imeshasahaulika, za mwaka huu bado maua na vikorosho vichanga, mikorosho imepuliziwa kwa dawa ya mkopo, na kila anayekudai anakumbuka jina lako kwa wakati mmoja. Shangazi hana shamba kubwa, yeye anabangua. Ameanza kubangua nyumbani kwake kabla mi sijazaliwa. Anapaka majivu mikononi kwanza maana yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, na hata hivyo vidole vyake vya mkono wa kulia vina weusi ambao hakuna sabuni inayoutoa. Anabangua, anakausha, anamenya ngozi ya ndani, anatenga nzima na zilizovunjika, anafunga vipakti, anawapelekea vijana wa stendi wanaowauzia abiria wa mabasi ya Dar.

Kwaiyo kazi ya kufanyia nyumbani kwake sio habari mpya. Kilichokua kipya ni kwamba hii ya simu haiunguzi mikono.

Linki alitumiwa na mwenzake wa kikoba, mtu ambaye wamezikana ndugu, na yule mwenzake alitumiwa na mdogo wake wa Masasi. Siku ya kwanza shangazi alibonyeza nyota kwenye hoteli 40 akaingiziwa 6,500 kwenye simu, hela ya kweli, akaenda kwa wakala akaitoa akanunua mchele na mafuta. Siku ya pili 14,000. Siku ya tatu wakamwambia kwa kiwango alichofikia inabidi aweke 60,000 ili afungue daraja la juu, akaweka, salio likaonyesha linapanda mpaka 240,000. Alafu ikaja kitu wanaita "kazi ya bahati", hoteli ya bei kubwa kuliko salio lake, salio likashuka chini ya sifuri, na ili amalize zile kazi mbili zilizobaki na kutoa hela yake yote alitakiwa ajaze lile pengo la 182,000. Hapo ndo alipokuja kwangu.

Alikua ameshaanza kushtuka. Ndo maana alikuja. Mtu ambaye hana wasiwasi hatembei gizani kuja kuuliza.

Asubuhi aliweka 182,000. Jioni wakasema amechelewa kumaliza, kuna faini 95,000. Kesho yake wakasema hela iko tayari kabisa isipokua kodi, 310,000. Hizo mbili za mwisho hazikua zake. Shangazi ni mtunza hazina wa kikoba, na siku hizi akina mama wengi wanamtumia michango kwenye simu badala ya kusubiri kufungua sanduku lenye kufuli tatu. Ukijumlisha alichoweka baada ya mimi kumwambia angalia tu, ni 587,000.

Naijua hii namba kama namba yangu ya simu.

Kwa nini sikusema

Watu walionisikiliza habari hii wameniambia nilikua na haraka, nina kazi, giza, betri. Nimeukubali huo utetezi kwa wiki kama mbili alafu ukagoma kukaa. Sekunde kumi zilinitosha. Ule wekundu wa salio niliuelewa. Kilichonizuia kusema kina historia ndefu kidogo.

Mwaka 2021 nilivyoanza kazi ya kunukuu sauti, yani unasikiliza mazungumzo ya Kiswahili unayaandika neno kwa neno pamoja na dakika zake, hakuna mtu nyumbani kwetu aliyeamini. Baba alikaa na mimi kwenye kibaraza akaniambia taratibu, mama angu, hao wazungu ambao hujawahi kuwaona wanataka nini kwako. Walikua wameniomba picha ya kitambulisho cha NIDA na picha ya uso. Walinipa jaribio la saa tatu bila malipo. Bosi sikuwahi kumuona sura wala kusikia sauti yake, na malipo waliniambia yanakuja baada ya siku 30. PayPal niliyokua nimeifungua nikakuta huku kwetu unatuma tu hela, kupokea haiwezekani, ikabidi nianze upya na Payoneer alafu benki, wiki tatu nzima nazunguka. Mtaani ikawa stori, kwamba fulani amepigwa, anafanyishwa kazi bure na watu wa mtandaoni.

Malipo ya kwanza yaliingia siku ya 34. Yalikua madogo lakini yaliingia, na nilimuonyesha baba, na hakuniambia kitu, alishika tu ile karatasi ya benki muda mrefu.

Tangu siku hiyo nilijiapiza sitamwambia mtu yeyote kwamba kazi yake sio kazi. Najua inavyouma. Kwaiyo shangazi alivyonionyesha simu yake nilimuona mimi mwenyewe wa 2021, nikaogopa kuwa kama wale walionicheka. Nikachagua upole. Upole ule umemgharimu mwanamke mwenye vidole vilivyoungua miezi mingi ya kubangua.

Zile dalili tunazofundishana

Baada ya hapo nikaanza kusoma kila kitu. Nilitaka nijue ningepaswa kumwambia nini, kwa maneno gani, kwa sababu "hao matapeli" peke yake isingemtosha mtu ambaye ana meseji mbili za muamala mkononi.

Ushauri uliopo mwingi ni orodha za dalili. Nikachukua dalili moja moja nikazipima kwa kazi yangu halali na kwa kazi ya shangazi ya uongo, na matokeo yalinitisha.

Wanataka vitambulisho vyako? Mimi walitaka, shangazi hawakutaka hata jina kamili. Wanakufanyisha kazi bure mwanzoni? Mimi ndio, shangazi alilipwa siku ile ile. Barua zao zina makosa ya lugha? Za kwangu zilikua na makosa, za shangazi zilikua Kiswahili safi, "asante mpendwa kwa uvumilivu wako". Hawapatikani? Mimi nilikua nikiuliza swali najibiwa baada ya siku mbili, shangazi alijibiwa ndani ya dakika hata saa nane usiku. Hawana usajili? Kwenye grupu lao waliweka picha ya cheti cha BRELA, na hata kama cheti kile kingekua cha kweli, BRELA inasajili jina na kampuni, haimpi mtu ruhusa ya kukusanya amana za watu, hilo ni jambo la Benki Kuu.

Hata ile kanuni ninayoisikia kila siku, kwamba kazi halali haikuombi hela kamwe, ina tundu. Chukua mitandao ya kutafutia kazi. Upwork wanakuuzia pointi za kuombea kazi, moja senti 15 za dola, na Fiverr wanakata asilimia 20 ya unachopata. Hao ni halali. Kijana akishaona mtandao halali unachukua hela, tapeli anampata kirahisi kwa kumwambia hata sisi ni hivyo hivyo. Ilinichukua muda kuona tofauti ilipo. Wale wanakata kwenye malipo yako, au unanunua nafasi ya kuomba ukijua unaweza kukosa. Hakuna hata mmoja anayekwambia hela yako hii hapa, imeiva, leta nyingine ndo tuifungue. Kulipa ili ulipwe mshahara ulioshaufanyia kazi, hiyo sijaiona popote penye kazi ya kweli, na nimetafuta.

Kitu kingine kilichonirudia ni mwezi wa tano 2024. Mnakumbuka, Kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar ikakatika pale Somanga, alafu tarehe 12 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika na intaneti nchi nzima ikawa ya kuotea. Nilikua na faili mbili mkononi. Nilikaa usiku kwenye ngazi za jirani ambaye mtandao wake ulikua unashika shika, nikatuma sentensi moja tu ya kueleza. Wakaniongezea siku nne. Basi. Shangazi alichelewa masaa matatu akapigwa faini ya 95,000, na aliilipa kwa sababu ilimpa hisia kwamba yuko kazini kweli, kwenye kazi kuna nidhamu.

Kangomba

Jibu nililokua nalitafuta nilikuja kulipata sehemu ambayo sikuitegemea, uani kwa shangazi.

Ilikua kama wiki ya tatu. Nilikua nimeenda kumsaidia kumenya, kwa kweli nilikua nimeenda kwa sababu nashindwa kukaa nyumbani. Akapita mwanaume mmoja na baiskeli, akasimama nje ya ua, anataka kununua korosho changa za mtini, anatoa hela leo, mzigo atachukua msimu ukifika. Kangomba. Serikali imewapiga marufuku miaka na miaka na bado ikifika miezi ya ukata wanapita wanapima shida za watu kwa bakuli.

Shangazi hakunyanyua macho. Alimuuliza, "Unampelekea nani?"

Yule mtu akasema tajiri yupo.

"Tajiri gani, wa ghala gani? Mnada unafunguliwa lini na we umeshajua bei?"

Maswali kama sita, moja baada ya lingine, bila hasira, mikono inaendelea kubangua. Yule bwana alipanda baiskeli yake akaondoka. Huku kwetu tangu stakabadhi ghalani ianze msimu wa 2007/08 hata mtoto wa shule anajua korosho inapita wapi, mkulima, AMCOS yani chama cha ushirika kinachokusanya mzigo, ghala kuu, mnada, mnunuzi, meli, India au Vietnam. Tumelalamikia huo mfumo sana, malipo yakichelewa tunalia, lakini umetufundisha kuuliza safari ya mzigo. Wakulima wanasimama kabisa kwenye mnada wanakataa bei.

Nikamwangalia shangazi nikamwambia, "Na zile nyota ulikua unabonyeza, zilikua zinanunuliwa na nani?"

Mikono ikasimama.

Alikaa kimya mpaka nikajuta kuuliza. Alafu akasema, "Sikuwahi kufikiria kama nyota ni mzigo."

Hapo ndo mi mwenyewe nikaelewa. Kazi ni mzigo. Inatoka kwa mtu inaenda kwa mtu mwingine ambaye ana shida nayo, na hela inatembea kinyumenyume kwa njia hiyo hiyo. Ukishindwa kumuona mtu mwenye shida na kile unachokifanya, basi hela unayolipwa inatoka sehemu nyingine, na mara nyingi inatoka kwa mwenzako aliyeingia baada yako. Zile 6,500 za shangazi, sidhani kama kuna hoteli iliyozitoa. Nadhani zilitoka kwa mama mwingine wa Nachingwea au wapi aliyeweka 60,000 yake asubuhi ile. Na 587,000 za shangazi, sijui ngapi kati yake zilienda kumnunulia mtu mwingine mchele wa siku ya kwanza ili naye aamini.

Hili lilimuumiza kuliko hela. Alinyanyuka akaenda ndani.

Bahasha

Nilivyoanza kutafuta kwa lile swali la mnunuzi, nikakuta hii kitu ni ya zamani sana na imeanzia mbali. Marekani tangu enzi za ule mdororo wa miaka ya 1930 kulikua na matangazo ya kazi ya kujaza bahasha nyumbani. Unatuma ada kidogo, unarudishiwa maelekezo, na maelekezo yenyewe yanasema weka na wewe tangazo kama lile uliloliona, wakitokea watu wakakutumia ada, wape maelekezo haya haya. Hakukua na mtu yeyote duniani aliyekua anahitaji zile bahasha. Miaka mingi imepita na mnunuzi bado hayupo.

Na sisi tulikua na DECI, ule upatu, watu wazima mnaikumbuka, kupanda mbegu na kuvuna, mpaka serikali ilipoizuia 2009. Ile haikujificha nyuma ya neno kazi. Hii ya sasa inakupa na kazi kabisa, inakuchosha vidole, na mtu aliyechoka anaona ana haki ya malipo. Hicho ndo naona kimekua kikali zaidi kuliko upatu wa kawaida.

Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, inahesabu malalamiko ya aina hii hii ya shangazi, kazi za kubonyeza kwenye simu kwa mafungu. Mwaka 2020 hawakua na lalamiko hata moja. Mwaka 2023 yalikua 5,000. Miezi sita ya kwanza ya 2024 peke yake yakafika kama 20,000. Nilimsomea shangazi hizo namba kwa sababu alikua anajiita mjinga, anasema ni ushamba wa Mtwara. Watu wenye mabenki na magari huko walibonyeza nyota zile zile.

Hao hao FTC wana kanuni moja iliyonikaa kichwani. Anayekuuzia fursa ya biashara anatakiwa akupe karatasi ya maelezo angalau siku 7 kabla hujasaini au hujalipa chochote. Siku 7 za kukaa na shemeji, na jirani, na mtoto anayesoma. Shangazi kwenye simu yake alikua anahesabiwa dakika 30, zinarudi nyuma moja moja.

Dakika 30, na mtu wa karibu anayemtegemea anamwambia angalia tu.

Yule aliyekua anajibu

Kulikua na mtu kwenye Telegram anajiita afisa huduma. Anamwita shangazi "mama yangu". Nilisoma mazungumzo yao yote, na kuna sehemu shangazi anamwambia mjukuu ana homa, yule mtu anauliza kama ameshapelekwa hospitali, siku ya pili anauliza tena anaendeleaje. Nilimchukia mtu huyu kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu.

Alafu nikasoma ripoti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya Agosti 2023. Inakadiria watu angalau 120,000 Myanmar na kama 100,000 Kambodia wanaweza kuwa wameshikiliwa kwa nguvu kwenye maeneo yenye ulinzi wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Wengi waliingia huko kwa tangazo la kazi. Kazi nzuri ya kompyuta, mshahara mzuri, tiketi ya ndege tunakulipia.

Sijui yule wa Telegram alikua wapi. Anaweza kuwa Dar amekaa kwenye kochi anakula hela ya kikoba. Anaweza kuwa mtoto wa mtu aliyefungiwa mlango. Chuki yangu haijaisha lakini saivi haina pa kukaa, na nimeona niiandike hivyo hivyo.

Tulichokifanya, kwa ufupi

Tulienda kituoni tukaandika maelezo. Tulipiga mtandao wa simu kuulizia kama hela bado ipo kwenye ile namba, haikuwepo, walituambia kwenye mambo haya dakika ni nyingi. Ile namba tuliituma kwenda 15040 kama TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanavyoelekeza. Tukabonyeza *106# kuona kama kitambulisho cha shangazi kina laini asizozijua, hakikua nazo, alhamdulillah.

Na siku nne baadae akatokea mtu mwingine WhatsApp anasema yeye ni mtaalamu, anaweza kuzirudisha zote kwa ada ya 80,000. Shangazi alimuuliza swali moja tu, we unalipwa na nani. Akamzuia.

Kikoba

Alhamisi aliyoenda kuwaambia wenzake mi nilimsindikiza. Wako 24. Alivaa kanga yake ya msibani. Alisimama akaeleza kila kitu, mpaka kiasi, mpaka faini, mpaka kwamba hela ya mwisho aliituma akiwa anajua moyoni kwamba ameshapotea lakini akiacha zile za kwanza zinapotea kweli. Hakumtaja aliyemtumia linki. Yule mwenyewe ndo akanyanyuka akasema ni mimi, na akasema ye ameshapoteza 430,000 na hajamwambia hata mumewe. Akanyanyuka wa tatu.

Watatu kwenye watu 24, na kila mmoja alikua amebeba lake peke yake, kila Alhamisi wanakaa mkeka mmoja.

Nilisimama na mimi nikasema alikuja kuniuliza na sikumsaidia. Mama mmoja mtu mzima akaniambia, mwanangu kaa chini, ulikua na kazi yako. Sikukaa haraka. Nilitaka wasikie mpaka mwisho, kwamba kuna mtu alijua na alinyamaza, ili mwingine akija kuniuliza ajue nitasema hata kama atanichukia.

Wamempa miezi kumi kulipa. Hawakumtoa kwenye uhazina. Michango imerudi kwenye sanduku.

Saivi wanakuja vijana nyumbani, wawili watatu kwa wiki, kila mmoja na linki yake. Namwambia kila mtu nichoree, wewe uko hapa, unachokifanya kinaenda kwa nani, na yeye anakitumia kufanya nini. Kijana mmoja wa Magomeni alichora vizuri kabisa, anatafsiri maelezo ya dawa, wanaohitaji ni watu wa utafiti wa hospitali, wagonjwa hawasomi Kiingereza, akaeleweka, nikamwambia endelea na usiruhusu wakuhamishie mazungumzo nje ya mtandao mlikokutana, maana ukitoka pale hela haina tena wa kuishikilia katikati. Wengine wanachora mstari mmoja alafu kalamu inasimama. Sina la kuwaongezea, wanaiona wenyewe karatasi.

Swali limerudi

Jumamosi iliyopita niko uani kwa shangazi tena, namenya ngozi za korosho, yeye anabangua. Tumeongea habari za msimu, bei watafungua na ngapi. Alafu akaniuliza, bila kunyanyua macho, kama alivyomuuliza yule wa baiskeli.

"Na wewe, hizo sauti unazoziandika usiku kucha. Nani ananunua?"

Nikafungua mdomo. Nikataja jina la kampuni inayonilipa.

"Hao ndo AMCOS. Nauliza mnunuzi."

Miaka minne. Nimenukuu mazungumzo ya wateja na benki, vijana wanasoma sentensi, wazee wanasimulia kilimo, na nilijua kwa juu juu kwamba zinafundishia mashine kusikia Kiswahili, lakini kila faili linakwenda kwa nani, sikua naweza kumjibu. Usiku ule niliandika barua pepe kuuliza. Nilikaa nusu saa kabla ya kuituma, nimeogopa, mtu anayelipwa vizuri anaulizia nini.

Walijibu Jumatatu. Majina ya wateja hawawezi kutoa kwa mkataba, lakini faili zangu za miezi ya karibuni ni za mfumo wa kupokea simu za wateja kwa Kiswahili, na wakaniwekea maelezo ya namna sauti zinavyosafishwa majina ya watu kabla hazijanifikia.

Nikaenda kumsomea shangazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akanirudisha kwenye ile sehemu ya mkataba nimsomee mara ya pili.

"Haya," akasema. "Waulize tena mwakani."

Akanisogezea ungo.